Barua ya Kufunga Muhula wa Tatu: Kuhusu Jina la Bwalo na Mchezo wa Mwakani

Kwa wazazi na walezi wote,
Kaunti ya Vihiga.

KUH: KUFUNGA SHULE, NA JIBU LA PENDEKEZO LENU LA MKUTANONI

Wazazi wapendwa, mirembe.

Tumefunga. Ripoti kapewa kila mwanafunzi mkononi. Ukiambiwa imebaki shuleni, jua kuna jambo. Watahiniwa wa KCSE wanaendelea hadi karatasi yao ya mwisho, na wenye vitabu vya maktaba wavirudishe kabla ya kuondoka. Salio la karo na tarehe ya kufungua Januari zimo chini ya ripoti. Hayo siyarefushi, kwa sababu niliahidi kujibu kwa maandishi lile suala la bwalo.

Mlipendekeza bwalo jipya liitwe kwa jina la marehemu Profesa Francis Imbuga. Mimi sipingi. Ni mwana wa hapa Maragoli, aliyezaliwa Wenyange mwaka 1947, akasoma Alliance na Chuo Kikuu cha Nairobi, akafundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Kenyatta na baadaye Kigali, akafariki Novemba 2012. Wengi wenu mlizisoma tamthilia zake kama vitabu teule vya KCSE. Asiye na jina la kujivunia kwao ni nani? Lakini rangi ya jina ukutani hufifia, na watoto watakaokula maharagwe chini yake wataliona kama wanavyoliona tangazo la kunawa mikono.

Mzee mmoja wa kamati alisema kwamba hata Shakespeare ana nyumba kwao Stratford, Uingereza, na watu hulipa kuiona. Ni kweli. Nyumba aliyozaliwa ilinunuliwa kwa michango ya umma mwaka 1847 na ingali imesimama. Ila mzee hakutaja ile nyingine. Shakespeare alipopata pesa alinunua nyumba kubwa mjini humo, New Place, mwaka 1597. Baadaye kiwanja kiliangukia mikononi mwa kasisi aitwaye Francis Gastrell, ambaye alichoshwa na wageni waliokuja kuutazama mforsadi ulioaminika kupandwa na Shakespeare. Akaukata mti. Kisha mwaka 1759 akaibomoa na nyumba iliyokuwa imejengwa upya pale. Mali ya urithi ikiwa ya jiwe na mti tu, mtu mmoja mwenye hasira na shoka anatosha. Lakini shule ya mji ule, inayoaminika ndiyo aliyosoma Shakespeare, bado inafundisha, na wanafunzi wake bado huandamana kila Aprili kupeleka maua kanisani alikozikwa mwandishi huyo. Hilo la wanafunzi ndilo ninalolitaka kwetu, maua au bila maua.

Muhula huu chama cha drama kilijaribu onyesho la kaburini kutoka Betrayal in the City, tamthilia ya Imbuga ya 1976 ambayo Kenya iliipeleka Lagos mwaka uliofuata kwenye FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa Waafrika. Kwa wasioijua: Doga na Nina wamempoteza mwana wao Adika, aliyeuawa kwenye maandamano ya wanafunzi, na wanataka kufanya sherehe ya kunyoa kaburini. Askari wanakuja kuwazuia. Wanafunzi wetu walifanyia mazoezi nyuma ya jikoni, kwenye ule udongo mwekundu, na binti aliyeigiza Nina alikuwa amesimama wima, anatamka maneno yake vizuri kabisa. Mpishi wetu akatoka na mwiko mkononi. Akamwambia, "Mwanangu, mama aliyezika mtoto hasimami kama anayengoja matatu." Akamketisha chini, akamkunjia miguu, akamwonyesha namna ya kushika tama. Kisha akamwambia asiwatazame askari, atazame kaburi. Binti akarudia yale yale maneno, na wavulana waliokuwa wakicheka ukutani wakanyamaza. Hakuna mwalimu wetu wa fasihi ambaye angelisahihisha vile, mimi nikiwemo.

Mnaona nilipofikia. Imbuga aliandika kwa Kiingereza, na nchi yake ya Kafira haimo kwenye ramani yoyote, lakini tunayajua maziko yale. Tunamjua pia Mulili wa tamthilia hiyo, binamu wa mkubwa wa nchi, mwenye cheo asichokifaa na tamaa ya shamba. (Msiniulize ni nani. Kila kata ina wake.) Miaka ile haikuwa ya mchezo, mwisho wa 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini, na waandishi wakawa wanapima maneno. Imbuga alipitisha yake ndani ya kicheko. Watazamaji walicheka hadi wakagundua wanachekea nini.

Mzazi mmoja aliniuliza drama inaongeza alama gani KCSE. Swali halali, kwa kuwa karo ni yake. Sitamdanganya kwamba kila mwigizaji hupata A. Ninachokiona darasani ni kwamba mtoto aliyewahi kuwa Mulili jukwaani haulizwi mara mbili tabia za Mulili kwenye mtihani, na kwamba wale waliokuwa hawainui mkono sasa wanainua. Kama hilo halitoshi, basi tutabaki tunatofautiana, na chai ya ofisini ipo.

Simu zilizonijia zaidi hata hivyo zilihusu Aminata, tamthilia ya Imbuga ya 1988, ambayo kidato cha tatu waliijadili. Aminata ni wakili ambaye baba yake alitaka arithi ardhi, na kaka yake pamoja na wazee hawataki kusikia. Baadhi ya akina baba walihisi shule inawachochea mabinti. Hapa kwetu mashamba yamegawanywa vipande vipande hadi ndugu wanagombania mstari wa ndizi, kwa hiyo uchungu wenu nauelewa. Lakini kifungu cha 60 cha Katiba ya 2010 kimekataa ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi, na mwandishi wa hapa hapa alikwisha kuliweka suala hilo jukwaani zaidi ya miaka ishirini kabla. Mjadala utaendelea. Mnakaribishwa kuja kuketi nyuma na kuusikiliza.

Kuhusu jina la bwalo, bodi itaamua Januari. Sharti langu nitakalolipeleka ni kwamba likipewa jina hilo, meza ziwe zinasogezwa kila muhula ili mchezo mmoja wa Imbuga uigizwe humo, nanyi mkiwa watazamaji.

Sasa ninayoyahitaji kwenu. Krismasi ndugu zenu watarudi kutoka Nairobi na Mombasa, na nyumba zitajaa wakongwe na masimulizi. Kila mwanafunzi amepewa kazi ya kumsikiliza mzee mmoja akieleza jinsi mazishi, kunyoa au kugawa shamba kulivyofanywa zamani, na kuandika alichosikia kwa lugha yoyote anayoiweza. Tafadhali msiwaandikie. Mwenye busuti kuukuu au kigoda asichokitumia atukopeshe, tutavirudisha.

Mazoezi ya tamasha la drama yataanza wiki ya pili ya muhula, kila Jumatano hadi saa kumi na moja jioni. Najua wasichana huhitajika nyumbani saa hizo kuteka maji na kupika, na wavulana huhitajika kidogo tu. Naomba zamu hiyo mwiweke upya kwa siku hiyo moja. Mwalimu atawasindikiza hadi barabarani. Fomu ya ruhusa imebanwa pamoja na ripoti. Itiwe sahihi na irudi siku ya kufungua.

Wenu katika kazi,

Mwalimu Mkuu