Nitumie Makaratasi ya Kazini

Makorora, Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Baada ya salamu, mimi sijambo, hofu ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu (najua unacheka). Mama Shufaa kajifungua, wa kiume. Kaka yako wa Ngamiani baiskeli yangu bado kaikalia. Hayo basi.

Nina shida nawe. Lile darasa la jioni la watu wazima bado ninalo, na siku hizi si wazee peke yao. Wamo vijana walioacha shule wanaoota ajira za bomba la mafuta kule Chongoleani, wamo walinzi, wafagizi, na fundi mmoja wa kuchomelea, mageti yake yamejaa Chumbageni nzima lakini cheti hana. Nikamwambia nenda VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kuwapima mafundi wa mtaani na kuurasimisha ujuzi wao. Akanijibu, "Mwalimu, na fomu yao nani ataijaza?"

Hapo ndipo penye neno. Mtu anatoka kazini hoi, mimi namuuliza Juma kabakiwa na machungwa mangapi! Juzi mama mmoja anayefagia ofisi fulani mjini kaniletea hati yake ya mshahara, imekunjwa kama sambusa. Siku zote yeye ni dole gumba tu. Tukaacha machungwa, darasa zima tukaisoma. Mchango wa NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya 10. Asilimia, shoga, iliyonitoa jasho tangu Ramadhani, wakaielewa jioni ile ile! Tukaingia saa za ziada: sheria ya ajira ya 2004 inataka zilipwe mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Mama kapiga hesabu, kairudia, kaitazama ile karatasi. Aliyefoka ni mlinzi wa nyuma, na aliyoyasema siyaandiki hapa. Sheria hiyo hiyo inasema mfanyakazi asiyeyaelewa masharti yake ya kazi yalivyoandikwa, mwajiri ahakikishe anaelezwa mpaka aelewe. Hawa nani kawaeleza?

Nikamsimulia Mzee Kombo, akanicheka. Eti nimegundua moto! Enzi zao kulikuwa na kisomo chenye manufaa, yale majaribio ya Kanda ya Ziwa ya 1968 hadi 1972: wa pamba anajifunza kusoma kwa kitabu cha pamba, mvuvi kwa cha uvuvi. Sasa mbona mlinzi wangu hana somo la kuandika taarifa ya zamu? Nilimuuliza mkubwa mmoja, akasema niandike maombi. Ya kuomba nini sasa...

Lakini sitaki darasa ligeuke ofisi ya ajira. Bi Mwanahawa anakuja ili asome ujumbe wa wajukuu zake bila kumpa jirani simu, na huyo sina haja ya kumtafutia mwajiri.

Basi wewe si uko stoo huko Dar? Nitafutie karatasi tupu: kadi ya stoo, hati ya kupokelea mzigo, fomu ya likizo, ukurasa wa daftari la mahudhurio, na matangazo ya kazi yaliyopitwa na wakati. Zenye majina ya watu usinipe, nisije nikakuponza. Nitatoa kopi mwenyewe.

Bosi wako atakubali, au niandike barua rasmi yenye mhuri? Mtu akija kuomba kibarua hapo kwenu, kinachomwangusha mwanzo ni nini: fomu, hesabu, au woga tu? Na ukija kwa harusi ya Rehema, utanipa jioni moja uwafundishe kuhesabu mzigo? Chai na maandazi juu yangu. Ukituma mzigo kwa basi, niambie jina la basi na la kondakta, nitaupokea stendi ya Kange. Na yule mchumba wa Dar, vipi? Mbona umenyamaza?

Wako,
Zuhura