Unga mweupe kwenye askari wa risasi: kabla hujashika ndimu, soma hapa

Wadau wa sanamu ndogo za askari na vifaru vya kuchezea, habari zenu. Leo tuongee kuhusu ule unga mweupe unaoota kwenye askari wa risasi (ile metali laini na nzito, sio ya bunduki), maana sisi mafundi wa kuwatengeneza tunatumiwa sana picha zake WhatsApp na ujumbe karibu wote unafanana, fundi hawa askari wa babu wameota ukungu, nikawasugua na ndimu wakatakata kabisa, sasa umerudi tena na umekuwa mwingi kuliko mwanzo. Kwenye shaba sawa, ndimu na majivu bibi zetu wamesugulia masinia miaka yote, ila kwenye risasi ndimu ni kumwagia moto petroli maana asidi ndo adui yake namba moja. Siki hivyo hivyo. Soda hivyo hivyo, kuna watu wanashauriana mtandaoni kuloweka humo usiku kucha, jamani.

Kwanza usalama halafu tuendelee. Huo unga ni sumu ya risasi, kwahiyo usiupulize kwa mdomo, usiufagie ukiwa mkavu, usipige msasa, na mtoto asikae karibu. Ukishika nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa chakula. Hilo halina mjadala.

Sasa unatoka wapi. Wale askari wa zamani wa kimo cha milimita 54, hasa wa kiwanda cha Britains cha London ambao ndo wengi tunaoletewa, wamemiminwa kwa risasi iliyochanganywa na bati na antimoni kidogo. William Britain mtoto ndo alileta ile namna ya kumimina wakiwa na uwazi ndani, mwaka 1893. Unamimina risasi ya moto kwenye kalibu, ile inayogusa kuta za kalibu inaganda kwanza, unapindua haraka ya katikati ambayo bado ni uji inamwagika, unabaki na askari mwepesi. Risasi inatumika kidogo na bei inashuka, na hapo ndo wakawabana Wajerumani waliokuwa wanauza askari wazito waliojaa ndani. Wameendelea nao mpaka 1966, sheria za risasi kwenye vitu vya watoto zikabana na pulastiki ilikuwa imeshateka soko. Kwahiyo huyo askari wako ni mzee, kuta zake nyembamba, na rangi aliyopakwa kwa mkono ndo ngozi pekee aliyonayo.

Risasi ikikaa kwenye hewa yenye mvuke wa asidi, hata kidogo sana ambao pua yako haiusikii, na unyevu ukiwepo, inaanza kugeuka unga. Na ubaya wa ile asidi ya aina ya siki ni kwamba haiishi kazini, ikishasaidia kutengeneza unga inaachiwa tena inaenda kula pembeni, ndo maana ukifuta leo kesho unakuta mwingine. Angalia utaona unaanza pale rangi ilipo nyembamba au haipo kabisa, chini ya kitako, ncha ya bayoneti, chini ya tumbo la farasi, au ndani kwenye kile kitundu risasi ya katikati ilipomwagikia. Ukianzia ndani ndo balaa, maana nje unamuona mzima, siku unamnyanyua unakuta mguu umebaki kabatini.

Kuna wanaosema ni ugonjwa wa bati unaoletwa na baridi. Bati tupu kweli linaharibika likikaa muda mrefu chini ya nyuzi 13 hivi, ila hapa Dar hizo nyuzi 13 utazipata kwenye friji tu, na huyu askari wako wala sio bati tupu. Hiyo tuiache.

Mchawi ni kabati. Hapa ndo wateja wengi wanatubishia kwa sababu kabati ni zuri, limetengenezwa na fundi kwa hela nyingi, lina kioo na taa. Ila MDF na plaiwudi zinatoa mvuke wa gundi yake kwa miaka, mbao karibu zote zinatoa asidi hasa zikiwa bado mbichi, na huko Ulaya mwaloni ndo unaongoza kwa kuua makusanyo ya watu. Ukifunga mlango ule mvuke hauna pa kwenda. Halafu taa za ndani zinapasha moto, kitu kikipata joto kinatoa mvuke zaidi. Askari waliokaa kwenye ndoo ya pulastiki uani kwa miaka bila shida wanahamishiwa kwenye kabati jipya la kifahari, kabla mwaka haujageuka wameanza kuwa weupe miguuni. Boksi la kadibodi la kahawia nalo ni hivyo hivyo, na magazeti ya kufungia.

Tunachoshauri ni kabati la alumini na kioo, yale yale wanayotumia wauza simu Kariakoo, mafundi wapo kila kona na bei sio mbaya. Ila msikilize fundi anapoziba kona. Atatoa tyubu ya silikoni, akiminya tu unasikia harufu kali ya siki imejaa chumba kizima, na ile sio harufu inayofanana na siki, ni asidi ya siki yenyewe inatoka silikoni inapokauka. Mtu ametoa mbao zote ili akwepe asidi halafu anaipaka kwenye kila kona ya kabati! Mwambie unataka silikoni isiyo na hiyo harufu, huwa wanaiita nyutro, kama hana basi kabati likae wazi wiki kadhaa mpaka harufu iishe kabisa ndo uingize jeshi lako. Rafu ziwe za kioo. Ukitaka kutandika kitambaa weka pamba au polyesta iliyofuliwa bila kulainisha, sufu ya kondoo usiweke.

Halafu acha nafasi ndogo ya hewa kupita, usiloki kama jokofu. Kwenye unyevu tunaishi pwani na hewa ya Dar mara nyingi inapita asilimia 70, Tanga, Mombasa na Zanzibar ndo hivyo hivyo, wakati askari wa risasi anapenda chini ya 50. Nunua kile kidude cha kupimia unyevu uweke ndani, na vipakiti vya silika jeli, vile vidogo vya kwenye maboksi ya viatu havitoshi, tafuta vya kubadilika rangi ambavyo vikishiba unavikausha kwenye oveni unarudisha. Kama chumba kina eisii inawashwa muda mwingi tayari umepona nusu. Ila kuwasha saa mbili na kuzima usiku kucha ni mbaya, baridi na joto vikipishana unyevu wa hewa unageuka matone ya maji juu ya chuma.

Sasa huduma yetu. Ukileta askari mwenye unga tunamtenga kwanza, tunamuangalia kwa lenzi tuone kama kuta bado zipo. Unga tunautoa kwa kijiti laini na brashi yenye unyevu kidogo wa waiti spiriti, sehemu zisizo na rangi tu, taratibu, chini ya feni inayovuta hewa nje. Maji hatutumii, na watu wanashangaa tukisema hata maji ya betri hayafai, maji masafi yasiyo na madini yanaila risasi kuliko ya bomba. Tukimaliza tunapaka nta ya makumbusho, ile ya kukingia vitu vya kale, pale palipo wazi, halafu anakaa kwenye boksi la peke yake tunamuangalia kama unga unarudi. Hatumrudishi haraka, na ukimrudisha kwenye kabati lile lile la MDF utamleta tena, sisi tutapata hela ila wewe utabaki na vumbi. Iliyoliwa imeliwa, hakuna dawa inayorudisha risasi iliyokwisha kuwa unga, anayekwambia anayo anakupiga.

Shingo iliyovunjika ni kazi rahisi kuliko zote na tunaipenda. Kwakuwa ndani kuna uwazi, watoto wa Kiingereza walikuwa wanachomeka njiti ya kiberiti shingoni na kichwa kinakaa, tunaletewa wengi bado wana hiyo njiti na imedumu kuliko gundi za siku hizi. Tunatumia kapini ka shaba na epoksi. Mkono uliopotea tunamimina mwingine kutoka kwenye kalibu ya mkono mzima na tunakuandikia kwenye risiti kabisa kwamba mkono ni mpya, ukija kuuza mnunuzi ajue. Usimpe fundi redio amlehemu. Risasi inayeyuka nyuzi 327 na mchanganyiko huu unayeyuka chini ya hapo, akigusa na soldaringi jemadari mzima anakuwa tone mezani.

Na rangi mpya? Hapa tutabishana lakini tutasema. Askari wa zamani mwenye rangi yake ya kiwandani, hata ikiwa imebanduka mabegani na pua imeisha, ana thamani kuliko aliyepakwa upya akang'aa. Ile rangi walipaka kinamama kwa brashi mmoja baada ya mwingine, kitone cha jicho, mstari wa mkanda, ukifunika umefuta kitu ambacho mnunuzi anakilipia. Kwahiyo ukituletea seti ya Britains namba 225, ile ya King's African Rifles (KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), ukataka tuwapake upya wapendeze sebuleni, tutakukatalia kwanza, tutakwambia nunua askari wapya wasio na rangi tukupakie hao unavyotaka. Hiyo seti huku kwetu ina uzito wake, KAR ilianza 1902 na watu wengi wanaotuletea wana babu aliyepita humo, aliyefika Burma 1944 na kurudi. Maombi ya askari wapya wa KAR tunayapata mengi kuliko yote, na wengi wanatutumia picha ya sanamu ya Askari pale mtaa wa Samora, Dar, iliyozinduliwa 1927. Kwa mkao inafaa sana, namna anavyoinama na bunduki mbele, ila ni shaba, rangi ya nguo haikupi. Tuletee picha ya babu kama ipo, hata ya rangi nyeusi na nyeupe, kuna mambo ya mkanda na kofia tunayasoma pale.

Magari na vifaru vya kuchezea vya chuma vina ugonjwa wake. Dinky za kabla ya vita kuu ya pili, zilizotoka kiwanda cha Meccano pale Liverpool, zilimiminwa kwa zinki yenye alumini na shaba kidogo, na ikiingia risasi chembe tu kwenye huo mchanganyiko chuma kinaoza kutoka ndani. Kifaru kinavimba, kinapinda, kinapasuka mistari midogo kama kiganja cha mkono, siku moja unakishika kinakatika kama biskuti. Hiyo hatutibu, na hela yako hatuchukui. Unachoweza ni kukiweka pakavu, kisiguswe. Ukiwa unanunua Dinky ya miaka ya 1930 mtandaoni omba picha ya chini na ya pembeni uone kama bado imenyooka. Za baada ya vita, kama ile Centurion namba 651, nyingi hazina shida hiyo, shida yake ni rangi kubanduka na reli za mpira, zile zinazozunguka magurudumu ya kifaru, kukauka.

Askari wa Elastolin, wa Kijerumani, tunawapokea kwa wasiwasi. Ni unga wa mbao na gundi juu ya waya, pwani waya unapata kutu unavimba unapasua askari mwenyewe. Tunaweza kuziba nyufa, ahadi ya miaka mingi hatutoi.

Wenzetu wa pulastiki, mnaounganisha vifaru vya vipande vya Tamiya skeli 1/35 na Airfix, nyinyi risasi haiwahusu ila msijione mmepona. Zile reli laini za vinili za kits za zamani zinatoa mafuta yanayolainisha pulastiki ngumu, ukiacha zimegusa magurudumu miaka kadhaa, hasa kwenye joto letu, magurudumu yanaliwa na kubaki na alama za meno. Paka rangi pale zinapogusana kabla hujazifunga. Na gari lako la kila siku sio sehemu ya kuhifadhia kifaru, dashibodi ya saa saba mchana imeshapindisha mizinga ya watu wengi.

Ukitaka tukuangalizie, piga picha ya mbele, nyuma na chini ya kitako, karibu na dirisha bila flashi. Chini ndo muhimu maana pale ndo kuna maandishi ya Britains au karatasi yenye tarehe, na hiyo tarehe ni ya kusajili muundo, sio mwaka aliotengenezwa, kwahiyo usiandike kwenye tangazo lako kwamba ni wa 1901 kisa karatasi inasema hivyo. Piga na picha ya kabati, tena hiyo tuma ya kwanza. Ukiwa unatuma kwa basi mfunge kila mmoja peke yake kwenye tishu nyeupe laini, sio gazeti, halafu ndani ya pulastiki la kawaida la zipu, asigusane na mwenzake. Na boksi lake la asili jekundu kama lipo usilitupe hata likiwa limechanika, lina bei yake peke yake, ila lisikae tena na askari ndani, kadibodi ya zamani ina asidi. Boksi rafu yake, askari rafu yao.