Mdogo wangu, tanzia haimngoji mfalme

Mdogo wangu,

Juzi uliniambia mchezo wa kuigiza ambao mhusika mkuu ni mtu wa kawaida tu hauwezi kuitwa tanzia, yaani ule mchezo wa shujaa anayeanguka na kuangamia, eti hiyo ni huzuni tu, tanzia inataka mfalme. Nilinyamaza ila moyoni nilikataa, na tangu siku ile sijatulia ndo maana nakuandikia hapa mbele za watu.

Kwa Wagiriki nakukubalia. Kule Athens karne ya 5 kabla ya Kristo tanzia zilichezwa kwenye sikukuu ya mungu Dionysos, na wengi wanaoanguka ni wafalme na koo zao. Aristotle, yule mwanafalsafa wao, naye akaja kuandika kwamba shujaa awe mtu mwenye jina, asiwe mwema kupitiliza wala mwovu, aponzwe na hamartia, yaani kosa, na sisi tunaotazama tuingiwe huruma na hofu. Baadaye watu wakaligeuza hilo kosa kuwa kasoro ya tabia na mimi naona wameliharibu kabisa, kwani Oedipus, mfalme wa tanzia mojawapo ya hao Wagiriki, alipomuua mzee mmoja njiani alijua ni baba yake? Hakujua.

Sasa angalia King Lear, tanzia ya Shakespeare. Mwishoni huyo mfalme mzee anaingia kambeba binti yake Cordelia, kashakufa, anaomba kioo aone kama bado anapumua, afu anamwomba mtu amfungulie kifungo cha nguo. Kifungo tu! Watu walishindwa kuvumilia, 1681 mshairi Nahum Tate akauandika upya, Cordelia akabaki hai na mchumba akapata, na huo ndo uliochezwa Uingereza karibu miaka 150 mpaka mwigizaji Macready alipoyarudisha maneno ya Shakespeare stejini mwaka 1838. Siwalaumu sana, waliamini jukwaa lazima limlipe mwema wema wake, na roho ya mtu inakataa kweli kuona mwema anakufa bure.

Ila hapo katikati, 1731, London wakaonyeshwa tanzia ya George Lillo, kijana anayejifunza kazi kwa mfanyabiashara, anamuua mjomba wake kwa ajili ya hela na ananyongwa. Hamna mfalme humo, na watu walilia vilevile.

Halafu 1949 Arthur Miller, mwandishi wa Marekani, kwenye mchezo wake Death of a Salesman akamleta Willy Loman, muuzaji anayezunguka na mabegi yake hadi kazi inamtupa, na mwaka huohuo akaandika wazi kwamba mtu wa kawaida anafaa tanzia sawa na mfalme. Mimi niko naye. Hata neno lenyewe, nje ya darasa tanzia si taarifa ya msiba? Na taarifa ya msiba inachagua cheo?

Wewe kasome kile kipande cha mwisho cha mchezo huo wa Miller, Linda mke wa Willy yuko kwenye kaburi la mumewe anamwambia leo nimelipa deni la mwisho la nyumba, na sasa hakuna mtu wa kuwa ndani. Ukimaliza nipigie, hata kama ni usiku.