Usinyanyue paa kabla hujapima sakafu

Uyole, Mbeya

Rafiki yangu Mama Neema,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Neema na watoto. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya mwaka huu haina adabu.

Tangu tuzungumze juu ya nyumba ya mzee hapo Kihesa, Iringa, kwamba mnataka kunyanyua paa ili vyumba viongezeke urefu wa kwenda juu, sijatulia. Kwa simu mambo haya yangepotea njiani, ndiyo maana naandika, ili hata fundi umsomee. Naomba sana msinyanyue paa. Kuta zile ni za tofali za kuchoma zilizojengewa udongo, na kuziongezea kozi mpya, yaani mistari mingine ya tofali, na paa juu yake ni kuzibebesha mzigo ambao hazikujengewa. Halafu bei ya bati na mbao unaijua mwenyewe, hata kama Mafinga ni jirani.

Urefu mnaoutafuta, sehemu kubwa mnaukanyaga. Umeniambia sebule ni futi 7 na nusu kutoka sakafuni hadi darini, na kwamba mlipotindua kile kipande cha kona mmekuta marumaru, chini yake mota (saruji na mchanga) ya inchi 2, chini yake tena sakafu ya zamani yenye niru, ile saruji laini ya kung'arisha, nayo kama inchi 2, ndipo jamvi, yaani zege la chini kabisa. Yaani kila aliyeikarabati nyumba ile aliongeza sakafu juu ya sakafu. Inchi 4 na zaidi zimelala hapo bila kazi yoyote. Jamvi ndilo linalobeba, hayo mengine ni mapambo juu ya mapambo.

Tindueni mpaka kwenye jamvi, kisha msirudishe unene ule ule. Hapa ndipo mafundi wengi watakubishia, watasema sakafu nyembamba hupasuka. Ni kweli hupasuka, kama haikushikana na jamvi. Sakafu iliyolazwa tu juu ya zege kavu lenye vumbi inahitaji milimita 50 au zaidi ili ijibebe yenyewe. Ikishikana sawasawa, milimita 25 hadi 40 zinatosha. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye maandalizi. Jamvi ligongwe kwa tindo mpaka liwe na makwaruzo na kokoto zionekane, lifagiliwe, lioshwe, liloweshwe tangu jana yake bila kuacha madimbwi. Siku ya kazi upakwe uji mzito wa saruji, na mchanganyiko wa sakafu umwagwe juu yake uji ukiwa bado mbichi. Simama hapo uone kwa macho yako. Fundi akipaka uji chumba kizima kisha akaenda kunywa chai, ule uji ukikauka unageuka kuwa ngozi ya kutenganisha badala ya kushikanisha. Sakafu ikishakomaa, pita unagonga kwa mpini wa nyundo kila hatua. Mahali paliposhika panatoa sauti nzito iliyojaa. Palipoachia panalia kama debe tupu, na hapo parudiwe kabla hujalipa.

Marumaru mimi nisingezirudisha, sebuleni na vyumbani. Pigeni niru yenye rangi nyekundu kama ya zamani, inang'aa vizuri ikipakwa nta. Mkiweka milimita 25 na niru mtabaki na faida ya karibu inchi 3 na nusu. Mkizitaka marumaru, zibandikwe kwa gundi, si kwa mota; gundi na marumaru ni kama milimita 15 tu.

Inchi 2 nyingine ziko juu. Dari lenu limepigiliwa kwenye mbao zilizopita chini ya boriti za kenchi, zile mbao za kulala za kiunzi cha paa. Zipitishwe katikati ya boriti badala ya chini yake. Ila asikubaliwe mtu yeyote kukata boriti yenyewe, maana ndiyo inayozuia kuta zisisukumwe nje. Jumlisha sasa: sebule inakaribia futi 8.

Wazo la kuweka bodi za povu chini ya sakafu kwa ajili ya baridi nalielewa, Iringa ya Julai naikumbuka. Lakini povu la inchi 2 linataka juu yake sakafu ya milimita 65 hivi, na hapo mmerudi mlikotoka. Joto hupanda, tandazeni sufi ya kuzuia joto juu ya dari, haili urefu hata kidogo, na sebuleni mtupe zulia.

Sasa jamvi lenyewe. Msilivunje. Najua fundi atakwambia tuvunje, tuchimbe, tushushe zaidi. Msingi wa mawe wa nyumba za zamani hauendi chini sana, na udongo uliopo ndani ndio unaoushikilia. Isitoshe sakafu inatakiwa ibaki juu ya ardhi ya nje kwa milimita 150 angalau, la sivyo mvua za Januari zitawaingilia ndani. Tazama pia chini ya ukuta wa chumba cha nyuma: plasta ikibambuka na kutoa chumvi nyeupe, unyevu umeshaanza kupanda.

Kuna bafu pia. Mabomba yake hayashuki, kwa hiyo sakafu ya bafu itabaki pale ilipo huku korido ikishuka. Wekeni kizingiti mlangoni, maji yasitiririkie vyumbani. Na milango yote itaachwa na pengo chini. Seremala aongezee kipande cha mbao, au mbadilishe.

Msianze sasa. Saruji kwenye baridi hii inakomaa taratibu mno. Septemba ni kavu na kuna jua, mtamwagilia asubuhi na jioni kwa wiki nzima mkiwa mmefunika kwa magunia.

Niandikie kina cha msingi upande wa nje na tofauti ya ardhi na baraza, pande zote nne. Nikishavipata nitakuchorea vipimo vya kila chumba, fundi asibahatishe.

Rafiki yako,
Mama Baraka