Tuliotoka kwa kaunti tupewe siku moja ya kurudi

Kwa Mhariri,

Wiki jana msomaji wenu mmoja aliandika kwamba madaktari bingwa wanaoacha hospitali za umma na kufungua kliniki zao ni watu wa tamaa, na wale waliosomeshwa na kaunti wangefaa kunyang'anywa laisensi. Hiyo barua imeniuma juu mimi ni mmoja wao. Ni daktari wa magonjwa ya akili hapa Kisumu, bondi ya masomo, ile miaka unayodaiwa kufanyia kaunti kwa kukusomesha, niliimaliza yote na nikakaa miaka mingine juu yake, ndio nikaandika barua ya kuacha kazi. Sahii niko na chumba orofa ya pili, msichana mmoja wa risepsheni na tili ya M-Pesa.

Lakini sijaandika kujitetea. Ninachotaka kusema ni kwamba daktari akitoka kwa kaunti anatoka mzima mzima, hakuna njia ameachiwa ya kubaki hata nusu, na anayeumia hapo ni mgonjwa.

Kwanza watu waelewe mbona mtu anatoka. Kliniki yetu ilikuwa mara moja kwa wiki, watu wanafika kabla hakujakucha kutoka Ahero, Muhoroni, Nyakach, wengine hata Siaya na Vihiga, na ikifika saa mbili benchi zimejaa wengine wamekaa kwa nyasi. Ukigawa masaa kwa watu kila mmoja anapata dakika chache tu. Unafungua faili, unaangalia alipewa nini mara ya mwisho, unauliza analala aje, anakula aje, zile sauti bado anazisikia, unaandika dawa, anayefuata aingie. Mgonjwa wa kisukari nesi anaweza kumpima na ile namba ikakuambia kitu. Huku kwetu hakuna hiyo mashine, kipimo chetu kikubwa ni mazungumzo na mazungumzo yanataka muda. Kuna mama alikuwa anakuja na kijana wake, kijana ameinamisha kichwa anakwaruza rangi ya meza na kucha, kila swali mama ndiye anajibu, na mimi naona kabisa nikipata nusu saa na huyu kijana peke yake atasema kitu, na hiyo nusu saa sina juu nje kuna watu wamesimama mpaka getini. Unaenda nayo nyumbani hiyo. Kesho yake kuna wodi, kuna korti inataka ripoti ya akili ya mshtakiwa, kuna mama amejifungua na ameanza kusema mtoto si wake, na stoo haina haloperidoli, dawa ya kutuliza zile sauti, kwa hivyo unamwandikia mtu akanunue nje na unajua vizuri nauli yenyewe alikopa.

Ndio nikatoka. Na nisiseme uongo, kliniki ya kibinafsi ina kazi yake ya maana. Mtu akija mara ya kwanza nakaa naye saa nzima. Wanakuja walimu, watu wa benki, polisi, hata wachungaji, watu ambao hawangekaa kwa ile benchi ya hospitali hata wangekuwa wanakufa, juu hapo lazima jirani atapita. Wengi wanataka saa za jioni, na kuna mmoja huniandikia meseji kwanza kuuliza kama kuna mtu kwa ngazi. Kuna wengine ambao mtu wao alijaribu kujiua na familia ikamficha nyumbani badala ya kumpeleka hospitali, manake kwa sheria yetu hilo lilikuwa kosa la jinai, kifungu cha 226 cha kanuni za adhabu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema hicho kifungu kinaenda kinyume na Katiba, lakini mashinani watu wengi hawajasikia, bado wanafunga mlango na kuuliza kwa sauti ya chini kama nitapigia polisi. Hao wananihitaji na nitaendelea kuwaona.

Ila kuna jambo nimeliona vizuri zaidi nikiwa nje. Daktari aliye peke yake hawezi kumchukua mgonjwa aliye mbaya zaidi. Hospitalini nilikuwa na manesi wanaojua kumtuliza mtu aliyechafukwa bila kumuumiza, kuna kitanda, kuna sindano, kuna mwenzako wa zamu ya usiku. Hapa ni mimi na huyo msichana wa risepsheni, na siwezi kumweka kwa hatari. Mtu akiletwa amefungwa kamba kwa pikapiki lazima nimtume hospitali ya umma, ileile niliyotoka. Akinipigia mtu saa nane usiku anasema hataki kuishi, nashika simu mimi, naongea naye mpaka ndugu yake afike, halafu naanza kutafuta nani ako zamu kwa wodi. Nikiugua mimi kliniki imefungwa. Nilipofungua nilielewana na daktari mwenzangu wa Eldoret tuwe tunajadiliana kwa simu kesi ngumu na mmoja akisafiri mwingine anapokea za dharura, na ningemwambia yeyote anayefikiria kujitegemea asifungue mlango kabla hajapata mtu kama huyo. Mambo ya kodi, laisensi ya baraza la madaktari, kibali cha biashara, mkataba wa kuchukua taka za sindano, bima kukaa na pesa zako, hayo utayazoea. Kukaa peke yako na uamuzi kama huyu arudi nyumbani ama alazwe, hiyo si ya kuzoea.

Kwa hivyo hesabu imekaa vibaya. Aliye na shida nafuu na pesa kidogo anapata saa nzima ya daktari bingwa. Aliye na skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini vitu visivyokuwepo, tangu kidato cha tatu, ambaye anaishi kwa sindano moja ya mwezi, anabaki kule, na daktari wake wa miaka yote ameenda. Wengine walinifuata mpaka kwa ngazi yangu na kadi zao za kliniki mkononi. Mimi nalipisha elfu tatu kwa kumuona mtu mara ya kwanza, na hawa ni watu wa kibarua cha mpunga na kuosha nguo. Niliwaona bila malipo nikawaambia sindano waendelee kuchukua hospitali, juu mtu akiiruka wiki zinapita anaonekana sawa halafu ugonjwa unarudi na nguvu, na wakati mwingine kila ukirudi unabeba kitu na haukirudishi. Tuliona hivyo mgomo wa 2017, siku mia moja, na tena wa 2024, siku 56. Waliorudi baada ya hiyo migomo wengine hawakuwa wale tuliowajua.

Kule nyuma kliniki inashikiliwa na manesi wa akili na maafisa wa kliniki, na hao watu wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopata. Wanajua kazi. Wanachokosa ni mtu wa kumuuliza, huyu nimempandishia dawa mara mbili na bado, sasa nifanye nini. Huwa wananipigia hata leo na mimi najibu, lakini najibu bila faili, bila kumuona mgonjwa, na bila ruhusa yoyote ya kuandika kitu.

Sasa ombi langu kwa serikali za kaunti, Kisumu, Nakuru, Kakamega, Bungoma na zingine. Bodi za utumishi wa umma zitangaze kazi za siku moja kwa wiki kwa madaktari bingwa wa akili walio nje. Mkataba mfupi, malipo kwa kila kliniki, jina langu liwe kwa orodha ya hospitali, nifungue faili, niandike dawa, nione wale walioshinda manesi, nifundishe kidogo, niende. Vyuo vikuu vimekuwa vikifanya hivyo na walimu wa pati-taimu miaka mingi. Na daktari aliyeajiriwa anaruhusiwa kufanya vibarua jioni kwa hospitali za kibinafsi, kila mtu anajua, mbona aliye kwa kibinafsi asiweze kuvuka upande huu? Nilipokuwa naondoka niliuliza kama naweza kubaki na ile siku ya kliniki pekee. Nikaambiwa hakuna fomu ya hiyo. Aliyeniambia hakuwa mbaya, kweli hiyo fomu haikuwepo.

Pesa itatoka wapi, mtauliza. Mshahara wa daktari mmoja bingwa aliyeondoka uko kwa bajeti na mara nyingi ile nafasi inakaa wazi muda mrefu juu sisi ni wachache na wengi wako Nairobi. Huo mshahara unaweza kulipa siku moja za watu kadhaa. Na si hisani tunaomba. Jopokazi la serikali la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza 2020 afya ya akili itangazwe janga la kitaifa, na sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa 2022 imezipa kaunti wajibu wa kutoa haya matibabu karibu na wananchi. Wajibu upo kwa karatasi, daktari ako orofa ya pili mtaa uleule, katikati hakuna mkataba.

Kwa wenzangu mnaopanga kutoka, nawaomba kitu kimoja tu. Msiondoke na notisi ya mwezi ule kaunti inataka. Anzeni mapema kupitia faili za wale wagonjwa wa muda mrefu, andikeni kwa lugha ya kueleweka dawa gani ilijaribiwa ikakataa na kwa nini, nani hupatwa mbaya msimu gani, nani hujificha akianza kuugua, simu ya dada yake ni ipi. Mimi nilifanya hivyo kwa wale niliowafikia, na hao ndio manesi hawanipigii sana kuwahusu.

Na kwa yule msomaji, sina kinyongo. Kama uko na diwani unayemfahamu, hii barua mpelekee. Mimi nimeshaandikia ofisi ya afya ya kaunti na nakala nimebaki nayo, Jumanne zangu asubuhi siweki mgonjwa yeyote kwa kliniki yangu mpaka nijibiwe.

Daktari wa magonjwa ya akili,
Kisumu