Udongo ndio unaotuchagulia rangi za nyumba

Mhariri,

Nimesoma kwa makini barua ya msomaji mwenzangu aliyelalamika kwamba msafiri anayetoka Nakuru kwenda Kisumu huona nyumba zilezile njia nzima, kuta za krimu na ukanda wa maruni chini yake, na kwamba hiyo ni dalili kuwa sisi wenye nyumba hatujui kuchagua bali tunaigana tu. Naheshimu jicho lake, kwa kuwa alichokiona kipo. Sababu aliyoitoa ndiyo ninayoipinga, tena kwa uchungu kidogo, kwa sababu kosa analodhani tumelifanya sote mimi nililikwepa, na nikalipia.

Nilijenga nyumba yangu Kiamunyi, mtaa wa hapa Nakuru, nilipokaribia kustaafu ualimu. Tangu ujana nilitamani nyumba nyeupe, na fundi wa rangi aliponiona nimeshikilia kadi ya rangi huku kidole kikiwa juu ya nyeupe, aliniambia kwa upole, "Mwalimu, hapa nyeupe haikai. Ngoja vumbi la Januari." Sikumsikiliza. Alipaka kama nilivyotaka, mikono miwili, yaani tabaka mbili, ya rangi ya maji juu ya andakoti, ile rangi ya msingi, na kwa majuma machache nilifurahi sana. Januari ilipofika, upepo ulianza kusomba ule udongo wetu mwepesi wa volkano, wenye rangi ya majivu, ukaupandisha ukutani. Mwishoni mwa Februari nilipitisha kidole chini ya dirisha la sebuleni, pakabaki mstari mweupe kama chaki ubaoni. Kisha mvua za Aprili zikanyesha, kila tone likaruka na tope lake, na ukuta wote ukawa na madoadoa hadi usawa wa goti. Nilisugua kwa brashi na sabuni nikalifanya doa kuwa baka. Jina la Nakuru lenyewe husemwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, nami nilikuwa nimelifundisha jambo hilo darasani kwa miaka mingi bila kulihusisha na ukuta wangu.

Mwaka uliofuata nilimwita fundi yuleyule. Alipaka krimu juu na ukanda wa maruni wa futi mbili chini, na tangu hapo nimepaka upya mara moja tu. Vumbi likitua juu ya krimu halionekani upesi, na tope likirukia maruni hujificha ndani yake. Huko si kuigana. Watu wengi wanaoishi juu ya udongo mmoja na kupigwa na upepo mmoja wamefikia jibu moja, kila mmoja kwa hasara yake.

Tena ukanda huo haukuja na madebe ya rangi ya dukani. Nililelewa Vihiga, kwenye udongo mwekundu, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi. Kila Desemba, kabla ya wageni wa Krismasi kufika, mama alikuwa akitutuma mtoni na karai kuchimba udongo wa aina mbili, mmoja mweupe wenye kuteleza na mwingine wa kahawia iliyokolea. Ule mweupe aliusiriba sehemu ya juu ya ukuta kwa kiganja, akizungusha mkono polepole hadi alama za vidole zikawa kama mapambo, na ule wa kahawia, aliouchanganya na samadi ya ng'ombe, aliupaka sehemu ya chini, kuizunguka nyumba yote. Mimi nilipewa kazi ya mpaka kati ya rangi hizo mbili, na nikiupotosha aliniita nirudie. Nilipomuuliza kwa nini chini pawe peusi zaidi, alinyosha mkono kwenye ncha za nyasi za paa, mahali ambapo maji ya mvua hudondokea, akaniambia nitazame ardhini. Matone yalikuwa yamechimba mfereji mwembamba kuizunguka nyumba, na tope lilirukia ukutani kutoka kwenye mfereji huo. Kwa hiyo ninapoiona nyumba ya mawe iliyopakwa krimu na maruni, naona mkono wa mama, na sioni sababu ya mtu yeyote kuionea haya.

Kisumu hali ni tofauti kidogo. Jiji hilo liko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, chini sana kuliko Nakuru yenye takriban mita 1,850, na joto lake mchana ni la kumfanya mtu akimbilie kivuli. Dada yangu anayeishi huko aliwahi kupaka ukuta wa magharibi rangi ya matofali kwa sababu aliipenda, na chumba cha watoto kilichokuwa nyuma yake kikawa hakilaliki mpaka usiku wa manane. Rangi iliyokolea hulinyonya jua, ukuta ukalihifadhi joto hilo na kulitoa ndani watu wanapotaka kulala, ilhali nyeupe na zile zinazoikaribia hurudisha sehemu kubwa ya mwanga huo nje. Sasa ukuta ule ni wa rangi ya maziwa. Barazani, chini ya taa, amepaka rangi ya mafuta badala ya rangi ya maji, kwa sababu wale wadudu wadogo wa ziwani wakija kwa mawingu yao huganda ukutani, na rangi ya mafuta hufutika kwa kitambaa. Shemeji yake anayeishi Ahero, kwenye ule udongo mweusi wa uwanda wa Kano, hakutaka maruni hata kidogo. Ukanda wake ni wa kijivu kizito, nao unaufanana udongo wake kama maruni inavyoufanana ule wa Vihiga.

Lipo pia suala la rangi zenyewe, ambalo wauzaji wengi hawamwelezi mnunuzi. Maruni, kahawia na hudhurungi hupatikana kwa kawaida kutokana na oksidi za chuma, yaani kutu ileile iliyoupa udongo wetu wekundu wake, na chembe hizo hustahimili jua la ikweta kwa miaka. Nyingi za nyekundu kali na manjano ya kung'aa hutengenezwa kwa kemikali nyingine zinazochujuka upesi, na mara nyingi hazifuniki vizuri, hivyo fundi hudai mkono wa tatu na mwenye nyumba hununua debe jingine. Nilipaka lango langu nyekundu kali niliyoinunua katika duka moja mjini, na kabla ya miaka miwili kwisha upande unaotazama magharibi ulikuwa umegeuka waridi. Nawasihi wazazi wazingatie jambo zito zaidi ya hilo. Kwa miaka mingi madini ya risasi yalitumiwa kuzipa rangi za mafuta manjano na wekundu ule wa kung'aa, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto anayemeza vumbi au magamba ya rangi iliyobanduka. Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni za rangi, kwa hiyo mnunuzi ana haki ya kuuliza dukani na kusoma maandishi ya kopo kabla ya kulipa. Anayekwangua rangi kuukuu aloweshe ukuta kwanza, na watoto wawe mbali.

Wenye nyumba za kupangisha wana hesabu yao nyingine, na ni rahisi kuieleza: kahawia au kijani ya mafuta hadi usawa wa bega, kwa sababu ya mikono ya watoto na moshi wa jiko, kisha krimu juu, ili mpangaji akihama debe moja litengeneze vyumba vyote. Maduka ya kando ya barabara yaliyopakwa rangi za kampuni za simu au sabuni siyahesabu hapa, maana mara nyingi kampuni ndiyo iliyonunua rangi.

Kuna wanaotamani Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2021, iwekewe amri ya rangi moja, kama Mombasa ilivyoamuru mwaka 2018 majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu. Nawaomba wawakilishi wetu wasiharakishe. Amri ya nyeupe katika mtaa usio na lami ni amri ya kupaka rangi kila mwaka, na mzigo huo utamwangukia mjane mwenye vyumba vinne vya kupangisha kabla ya kumgusa mwenye ghorofa. Tazameni ni akina nani wanaopaka nyeupe na kijivu siku hizi: ni wale waliotandaza kabro, yale matofali ya sakafu ya nje, uani na ambao barabara yao imewekwa lami. Kaunti ikitaka kuubadilisha mji, ianze na barabara, mitaro na nyasi.

Barabara ya mtaa wetu iliwekwa lami mwaka jana. Jirani wa mkabala amekwisha kupaka nyeupe, nami nimemwita tena fundi wangu kumuuliza kama sasa inawezekana. Alizunguka nyumba, akapitisha kidole chini ya dirisha, akakitazama. Kisha akaniambia, "Mwalimu, juu inawezekana. Chini tuache maruni mpaka Aprili ipite."

Mwalimu mstaafu,
Kiamunyi, Nakuru