Ile Nyota Haiimbi

Kisumu, Jumapili jioni

Mpendwa Wanjiru,

Hujambo? Nakuru bado baridi? Huku tu wazima, ila stima ilipotea saa kumi na nakuandikia kwa mwanga wa simu.

Ile rekodi uliyonitumia, ya nyota yenye mkia (kometi) ambayo wanafunzi wako wanasema inaimba, nimeisikiliza mara tatu. Mama alipita akauliza, "Hao vyura umewatoa wapi?" Sasa waambie wanafunzi wako ukweli: haiimbi. Kule juu hakuna hewa ya kubeba sauti. Chombo cha anga cha Ulaya, Rosetta, kilifika kwenye nyota hiyo, 67P, Agosti 2014, kikiwa na kipima sumaku kwenye fimbo ya mita moja na nusu. Kikakuta nguvu ya sumaku inapanda na kushuka, mara moja kila sekunde 20 hadi 25. Sikio halipati kitu cha polepole namna hiyo, basi wakaongeza kasi mara 10,000 hivi, ndipo wakazaliwa vyura wa Mama.

Hiyo sumaku inatikiswa hivi, wanavyodhani: nyota hiyo ina barafu, na Jua likiichoma, mvuke unatoka. Mwanga wa Jua usioonekana kwa macho, wa urujuanimno, unang'oa elektroni kwenye molekuli za maji, zinabaki ayoni, yaani chembe zenye chaji. Upepo wa Jua, yaani chembe zinazotoka kwenye Jua zikibeba sumaku yake, nao unakuja kilomita 400 hivi kwa sekunde na kuzikumba. Unakumbuka boti yetu pale Dunga ilivyoingia kwenye magugu maji? Injini inanguruma, mwendo umekwisha, na wewe unapiga kelele tutalala ziwani! Upepo ule nao hulemewa hivyo hivyo, kwa kuzibeba ayoni nzito.

Na hiyo nyota ina upana wa kilomita 4 hivi tu, mwendo wa saa moja kwa miguu. Lakini Julai 26, 2015, ikikaribia Jua, kipimo cha sumaku kilishuka hadi karibu sifuri, chombo kikiwa kilomita 170 hivi kutoka kwake. Gesi yake ilikuwa imeisukuma sumaku ya Jua nje kabisa! Halley, nyota nyingine yenye mkia, ilionekana ikifanya hivyo mwaka 1986, lakini Halley ni kubwa, hiyo sikushangaa. Hii ndogo ndiyo imeninyima usingizi.

Ukija Aprili tutakwenda Dunga tena, ila boti nitachagua mimi.

Ngoja, stima imerudi. Mama anataka nimwekee vyura wake.

Wako,
Achieng